UZI: “Kambi ya sayansi mtandaoni, bure kwa kila mtoto.” Tuifungue hii ahadi tuone ndani kuna nini

Mmeisikia sana. Kwenye mdahalo, kwenye redio asubuhi, hata kwenye harambee ya shule. Mgombea anashika maikrofoni: “Mkinipa kura, likizo ikifika kila mtoto wa kaunti hii ataingia kambi ya sayansi kupitia mtandao, bila kulipa hata ndururu.” Makofi. Mpinzani wake anasimama: “Kambi ya mtandao ya nini na shule haina maabara?” Makofi tena. Halafu sisi tunaenda nyumbani tumewapigia wote makofi na hatujui nani amesema kitu cha maana.

Leo tuongee juu ya hiyo. Kama kawaida ya hapa, hakuna jina la mwanasiasa wala la chama. Ukidhani unamjua anayesemwa, hiyo ni yako.

Tuanze na kitu chenyewe. Kambi za likizo za aina hii tumezipokea kutoka nje. Marekani shule hufungwa kiangazi chote, miezi miwili na zaidi, na mzazi anayefanya kazi lazima atafute pa kumweka mtoto. Ndiyo maana kuna kambi za kuogelea, za muziki, na za sayansi pia. Ile maarufu ya anga za juu iliyoko Huntsville, Alabama, ilianza 1982. Korona ilipofunga kila kitu 2020, nyingi za kambi hizi zilihamia mtandaoni ghafla, na hapo ndipo mtoto wa Nairobi au Eldoret akaanza kuona tangazo kwamba anaweza kujiunga akiwa nyumbani kwao.

Sisi hatuna kiangazi cha namna hiyo. Tuna likizo ya Aprili, ya Agosti, na ile ndefu ya Novemba na Desemba. Kwa hivyo kambi ya Julai ya Marekani inamkuta mtoto wetu katikati ya muhula wa pili. Halafu saa: kipindi cha saa nne asubuhi New York kwetu ni saa kumi na moja jioni. Cha saa saba mchana ni saa mbili usiku. Mtoto ametoka shule, ana homuwaki, hajala, na kule ndio wanamwambia “good morning”. Mwanasiasa akikuambia ameshapata “washirika wa kimataifa” wa kuendesha kambi, muulize hii moja tu: itakuwa saa ngapi kwa saa zetu, na mwezi gani?

Na msidhani Kenya ilikuwa imelala ikingoja intaneti. Wengi wenu mlipitia Science Congress, ambayo siku hizi ni maonyesho ya sayansi na uhandisi, KSEF. Mtoto anaanza kwa kaunti ndogo, anapanda mpaka taifa. Kuna Young Scientists Kenya, iliyoanza maonyesho yake ya kitaifa 2018 kwa ushirikiano na serikali ya Ireland. Kuna Travelling Telescope, wale wanaozunguka shuleni na darubini na hema la kupuliza linaloonyesha nyota ndani. Hizi zote ni kazi ya aina moja: kumpelekea mtoto sayansi nje ya somo la darasani, akutane na mtu anayeifanya. Kambi ya mtandaoni ni njia moja tu ya kufanya hivyo, na kwenye siasa inapendwa kuliko zingine kwa sababu inaonekana rahisi kifedha. Hilo la urahisi nitalirudia, kwa sababu hapo ndipo tunauziwa mbuzi kwa gunia.

Kwa nini suala hili limepata joto miaka hii? Kwa sababu ya Gredi ya 9. Chini ya mtaala mpya mtoto anachagua mkondo kabla ya kuingia sekondari pevu: STEM, Sayansi ya Jamii, au Sanaa na Michezo. Gredi ya 10 ya kwanza iliingia Januari 2026. Wizara imesema inataka asilimia 60 ya wanafunzi waende STEM. Sasa fikiria mtoto wa miaka kumi na nne au kumi na tano anaambiwa achague kama maisha yake yatakuwa ya fizikia na kemia, na madarasa yake ya Gredi ya 7, 8 na 9 yalikuwa ndani ya uwanja wa shule ya msingi ambayo haikuwahi kujengewa maabara. Amesoma Sayansi Jumuishi kwenye kitabu. Majaribio ameyaona kwenye picha. Anachagua nini hapo? Anachagua kile ndugu yake alisema, au kile mwalimu mkali hafundishi.

Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa 2006 kwenye jarida la Science ambao watu wa sera hupenda kuutaja. Robert Tai na wenzake walifuatilia wanafunzi tangu gredi ya nane, walipoulizwa wanatarajia kufanya kazi gani wakifika miaka thelathini. Waliosema kazi ya sayansi walikuwa na uwezekano wa karibu mara mbili wa kupata digrii ya sayansi ya viumbe kuliko wenzao, na zaidi ya mara tatu kwa fizikia na uhandisi. Utafiti huo hausemi kwamba kambi ndiyo iliwafanya hivyo. Unaonyesha kwamba yale mtoto anajiona anaweza kuwa, akiwa na umri huo, hayapotei hivi hivi. Na umri huo ndio wa Gredi yetu ya 8. Kwa hivyo hoja ya kuwafikia watoto mapema ina uzito. Anayesema ni anasa ya watoto wa matajiri hajaiangalia vizuri.

Sasa tuingie kwa lile neno “bure”.

Video ya mkutano wa watu wengi inaweza kula karibu GB moja kwa saa, wakati mwingine zaidi ikiwa picha ni safi. Chukua kambi ya kawaida: siku kumi, saa mbili kila siku. Hizo ni saa ishirini, yaani kama GB ishirini. Tuseme GB moja unainunua shilingi 100 (weka bei ya mtandao wako hapo, mimi nafanya mfano). Ni shilingi 2,000 kwa mtoto mmoja. Kama una wawili na kila mmoja ana kipindi chake, ni 4,000. Hiyo ndiyo kambi ya “bure”. Kaunti imelipia mwalimu na programu, ambazo ni gharama ya mara moja hata watoto wakiwa elfu kumi. Ile gharama inayorudi kwa kila kichwa, bando, imesukumwa kwako bila kutajwa.

Na bando ni mwanzo tu. Kuna simu. Simu ya nani? Nyumba nyingi zina simu moja nzuri, na ni ya mzazi, na mchana mzazi yuko nayo kazini. Sensa ya 2019 ilipata kwamba kati ya Wakenya wa miaka mitatu na kuendelea, asilimia 22.6 walikuwa wametumia intaneti. Kompyuta, asilimia 10.4. Nyumba zilizotumia stima kwa mwangaza zilikuwa nusu tu, asilimia 50.4. Simu zimeongezeka tangu wakati huo, nakubali, lakini usiniambie zimefika kila boma, na usiniambie kwamba binti wa miaka kumi na tatu anayepika na kuchota maji likizoni ataachiwa simu saa mbili kila siku huku kaka yake ameketi. Mtu yeyote aliyelelewa kwenye nyumba ya kawaida anajua hiyo simu itaishia mkononi mwa nani.

Tumeshapitia njia hii. Machi 2020 shule zilipofungwa, masomo yalihamia redio, televisheni na mtandao. Baadhi ya madarasa yalirudi Oktoba, waliobaki Januari 2021. Mwenye waifai nyumbani alisoma. Asiye nayo alichunga mbuzi, au alichoma makaa, na wapo wasichana ambao hawakurudi. Julai mwaka huo huo zilizinduliwa puto za Loon zilizorusha intaneti ya 4G kutoka angani juu ya sehemu kubwa ya magharibi na katikati mwa nchi. Tulishangilia sana, dunia nzima iliandika. Januari 2021 kampuni ikatangaza inafunga mradi, hesabu za biashara hazikutoka. Sisemi teknolojia ilikuwa mbaya. Nasema ahadi ya mtoto isisimame juu ya kitu ambacho mtu mwingine anaweza kukizima.

“Lakini tuko na zile tableti za shule!” Ni kweli. Mradi wa kidijitali ulioanza kusambaza vifaa 2016 ulipeleka zaidi ya vifaa milioni moja kwa shule za msingi zaidi ya 20,000. Ni za shule, zinakaa shule, na mlango wa shule hufungwa likizo. Pia zililenga watoto wadogo wa madarasa ya chini. Na umri wa tableti mnaujua wenyewe. Nenda kwa shule iliyo karibu nawe uombe kuona ngapi zinawaka.

Hapo ndipo watu hupendekeza: fungueni shule wakati wa likizo, watoto waje watumie vifaa pale. Sawa, lakini kuna kifungu cha 37 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Kinapiga marufuku masomo ya likizo, ile tuition tunayoijua, na anayekiuka anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Je, kambi ya sayansi ni tuition? Mimi naona inategemea kinachofanyika ndani. Mtoto akijenga darubini ya karatasi, akipima mvua, akiongea na daktari wa mifugo, hiyo si tuition. Mwalimu akiingia na silabasi ya Gredi ya 8 na karatasi za mitihani na kuwaitisha wazazi hela, hiyo ni tuition imebadilishwa jina tu. Na msishangae likitokea, kwa sababu limeshatokea kwa “motisha”, kwa “remedial”, kwa kila jina ambalo shule imewahi kulipa hiyo pesa.

Sasa swali ambalo kwenye midahalo halijibiwi kabisa: ni kazi ya nani?

Fungua Katiba, Jedwali la Nne. Serikali kuu ina sera ya elimu, mitaala, mitihani, shule za msingi, sekondari na vyuo vikuu. Kaunti ina elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya malezi ya watoto. Kwa hivyo mgombea wa ugavana anayeahidi kambi kwa wanafunzi wa sekondari msingi anaahidi kwa mali ya jirani. Si kwamba haiwezekani. Kifungu cha 187 kinaruhusu serikali moja kukabidhi kazi kwa nyingine kwa makubaliano. Lakini lazima makubaliano hayo yawepo kwa maandishi. Mnakumbuka Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti alipotoa waraka kwamba kaunti haziwezi kulipia kazi za serikali kuu, basari zikiwemo, bila makubaliano rasmi. Magavana wakapinga, suala likafika mahakamani, na katikati ya hayo yote kuna wazazi waliokuwa wanangoja cheki. Kambi ikianzishwa kienyeji itakwama hapo hapo.

Na sasa sehemu ambayo nikiwa mgombea ningeisema (msinichague, lakini sikilizeni). Rudi kwa jedwali hilo hilo, upande wa kaunti. Utapata maktaba. Utapata makavazi. Hivi ni vya kaunti kikatiba, bila kuomba ruhusa ya mtu. Na vyuo vya ufundi ni vya kaunti, na huko kuna stima, kuna meza za kazi, kuna mkufunzi wa umeme au wa useremala anayejua kushika vyombo. Gavana anayetaka kweli kambi ya sayansi anaweza kuifanyia kwenye maktaba ya kaunti na kwenye chuo cha ufundi cha kila wadi chenye chuo, aweke laini moja nzuri ya intaneti na projekta moja, watoto thelathini waangalie skrini moja. Hesabu yetu ya bando inabadilika mara moja: GB ishirini hizo hizo, lakini kwa watoto thelathini badala ya mmoja. Na simu ya baba inabaki kwa baba.

Tuchukue mtoto wa kufikirika, tumweke Ngomeni, Kilifi. Nimechagua Ngomeni makusudi. Baharini pale kuna jukwaa la San Marco, ambalo Waitaliano walirushia setilaiti. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sherehe za uhuru, ilirushwa kutoka pale setilaiti ya Marekani iliyopewa jina Uhuru, ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya X kutoka angani. Mtoto wetu yuko Gredi ya 8, na sayansi ya kiwango cha dunia imefanyiwa mlangoni kwao kabla mama yake hajazaliwa. Kenya yenyewe imefika mbali tangu hapo: setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliachiwa angani Mei 2018, na Taifa-1 ikaruka Aprili 2023. Yeye amesikia hayo kwa taarifa ya habari. Hajawahi kushika hata kipimajoto cha maabara.

Mpe kambi ya aina ya kwanza, ile ya link. Anaingia kwa simu ya jirani, picha inakwama, mtu anaongea Kiingereza cha haraka juu ya roboti. Siku ya tatu bando imeisha. Kwenye ripoti ya kaunti yeye ni mmoja wa “watoto waliofikiwa”.

Mpe ya aina ya pili. Anaenda mara tatu kwa wiki kwenye chuo cha ufundi kilicho karibu. Kuna bahasha yenye vitu: karatasi, kikombe, kitambaa cha kuchujia. Wanaambiwa waje na maua mekundu ya hibiskasi, yale ya kwenye ua, waponde, wachuje. Maji ya ndimu yanageuza rangi kuwa nyekundu. Maji ya majivu yanaigeuza kijani. Sabuni? Jaribu uone. Hilo ni somo la asidi na besi, na vifaa vyake ni vya jikoni. Kisha kwenye skrini anatokea mkemia halisi, Mkenya, anauliza: ni nani aliyepata rangi tofauti, na kwa nini? Nusu saa ya mtandao, saa moja na nusu ya mikono. Huyo mtoto akiulizwa mkondo mwaka ujao ana kitu cha kufikiria.

Hii si ndoto. Pale pale Kilifi kuna watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust, ambao wamekuwa hapo tangu 1989, na kwa miaka mingi wamekuwa na mpango wa shule: wanafunzi wanatembelea maabara, wanasayansi wanaenda madarasani. Pia wameendesha mazungumzo ya mtandaoni ambapo wanafunzi wanawaandikia wanasayansi maswali na kujibiwa papo hapo. Kwa maandishi, bila video. Maandishi ya saa nzima hayamalizi hata bando ya watoto wawili kugombania. Ukitaka kujua kama mtu anayeahidi kambi amefikiria juu ya kijiji, angalia kama mpango wake una kitu kama hicho, au kama yote ni video tu.

Sasa tumsikilize yule mpinzani, kwa sababu naye hoja yake si ya kutupwa. “Jengeni maabara kwanza.” Serikali inakisia shilingi 15,042 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari msingi, na walimu wakuu wamelia mara nyingi kwamba pesa huja zimechelewa na zimepunguka. Katika hali hiyo mtu anauliza kwa haki, mbona tuchukue hela tupeleke likizoni wakati Jumatatu hadi Ijumaa hakuna hata bikari za kutosha? Nakubaliana naye nusu. Kambi isiyo na shule nyuma yake inawasha mtoto halafu inamrudisha gizani, na kwa maoni yangu hiyo ni mbaya kuliko kutomwasha. Lakini nusu ya pili inanishinda: maabara imeahidiwa tangu sekondari msingi ianze Januari 2023, na mtoto aliyekuwa Gredi ya 7 wakati huo ameshamaliza Gredi ya 9. Yeye hakungoja jengo. Umri haungoji. Bahasha ya vitu na mkufunzi wa chuo cha ufundi zinaweza kufika Agosti hii. Tena bahasha hizo hizo zinaweza kubaki shuleni muhula ukifunguliwa. Anayekulazimisha uchague moja kati ya maabara na kambi mara nyingi hana mpango wa yoyote.

Jingine la kuangalia ni nambari. Mwanasiasa atasema “watoto 8,000 walijisajili”. Kujisajili ni kubonyeza. Utafiti wa 2019 kuhusu kozi za mtandaoni za MIT na Harvard, tena za watu wazima wenye intaneti yao, ulipata kwamba kati ya wote walioingia mwaka wa 2017 hadi 2018, waliomaliza walikuwa asilimia 3 na kitu. Hao ni watu waliojichagua wenyewe! Kwa hivyo uliza waliomaliza ni wangapi. Kisha uliza wasichana wangapi, kutoka wadi zipi, na watoto viziwi walipata mkalimani wa lugha ya ishara au walikaa kuangalia midomo. Ukipewa jumla tu ya waliojisajili, ujue hawajapima, au wamepima na hawataki uone.

Na picha, bana. Hili linaniudhi. Kila kambi ya namna hii huishia na picha za watoto wamevaa fulana zenye rangi na sura ya mheshimiwa, zikabandikwa mitandaoni na majina ya shule. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 33, inasema taarifa za mtoto hazitumiki bila idhini ya mzazi au mlezi, na kwa njia inayolinda maslahi ya mtoto. Mwaka wa 2023 shule moja ilitozwa faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kambi ya mtandaoni inakusanya zaidi ya picha: jina, umri, nambari ya simu ya mzazi, wakati mwingine sauti na sura ya mtoto zikirekodiwa. Nani anazihifadhi? Zinafutwa lini? Nambari yako itaanza kupokea meseji za kampeni? Soma ile fomu kabla ya kutia sahihi, na kama hakuna fomu, usimpeleke.

Najua kuna atakayesema, “sisi wananchi tutauliza wapi haya, mdahalo umeisha na maikrofoni zimezimwa?” Mdahalo si mahali pazuri pa kuuliza. Bajeti ndiyo. Kila kaunti inatakiwa kupeleka Mpango wa Maendeleo wa Mwaka kwa bunge la kaunti kabla ya Septemba 1. Karatasi ya mkakati wa fedha inafika kabla ya Februari 28, na makadirio ya bajeti kabla ya Aprili 30. Katikati ya hizo kuna vikao vya umma, vile vinavyotangazwa kwa gazeti siku mbili kabla na kufanyiwa ukumbi wa mbali. Nendeni. Mkifika, msitafute neno “kambi” kwenye kitabu, huenda hamtalipata. Tafuteni mafungu ya maktaba na ya vyuo vya ufundi, muangalie kama kuna intaneti, vifaa vya majaribio, na posho ya wakufunzi kwa miezi ya Aprili, Agosti na Desemba. Kama mistari hiyo haina kitu, basi ile kambi mliyopigia makofi haijaandikiwa hata shilingi moja, na mna haki ya kusimama na kuuliza ni fungu gani italipiwa.